Zitapatana

"Mwanangu, neno hili umeliandika wewe?"

Bi mwenyekiti alikuwa ameutandaza mkataba juu ya gunia la mwani, kidole chake cha shahada kimekaa kwenye mstari wa tatu wa kifungu cha 5. Ngozi ya kidole kile ilikuwa imepauka na kuchanika kwa chumvi, kama vidole vya mama yangu nilivyovijua tangu utotoni. Tulikuwa ndani ya banda la kupimia. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na kwenye pembe moja ya banda magunia kadhaa yalishaanza kutoa maji kwa chini, maana mwani mkavu ukipata unyevu huunywa na kurudi kuwa laini, kisha hunuka.

Nikamjibu, "Ndio, bibi. Nimeliandika mimi."

"Basi tusomee kwa sauti, wenzangu wasikie."

Nikasoma: "Pande mbili zitapatana bei ya kununulia mwani kila baada ya miezi 6."

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. "Sasa sisi hatujapatana. Hiyo bei iliyoandikwa ubaoni imetoka wapi?"

Mimi ni mfasiri na mkalimani. Naishi Mjini, lakini nimezaliwa na kukulia ukanda wa mashariki wa Unguja, na ada ya skuli yangu imetoka baharini. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoingia kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, mama alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kijijini kupigilia vigingi. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuufasiri mkataba baina ya kikundi cha wakulima na kampuni moja ya kununua mwani, niliipokea kama jambo la nyumbani. Niliufasiri kwa siku mbili. Kwa Kiingereza kifungu cha 5 kilikuwa kifupi tu: pande mbili zita-*negotiate* bei kila baada ya miezi 6. Sikusita hata kidogo juu ya neno lile. Nikaandika *zitapatana*, nikaendelea na kifungu cha 6, ambacho kilikuwa na mambo ya unyevu na mchanga, na hapo ndipo nilipotoa jasho.

Wanawake 40 na zaidi wakasomewa Kiswahili changu, wakatia saini, wengine wakatia dole gumba.

Miezi 6 ya kwanza ilipita salama. Ya pili ilipoanza, mwakilishi wa kampuni alikuja na mkalimani mwengine, akaeleza hali ya soko la nje, akasema kampuni itanunua kilo kwa shilingi 450. Wanawake walitaka 700. Wakaongea kama saa moja. Mwisho Bi mwenyekiti akasema, "Haya, tumesikia." Mwakilishi akashukuru, akapeana mikono na waliokuwa karibu, akapanda gari. Kesho yake karani akaandika 450 kwenye ubao wa banda. Wanawake wakakataa kupima. Wiki tatu mwani ukalala stoo, mvua ikaja, ndipo nikapigiwa simu.

Nitasema nilivyolichagua neno lile, kwa sababu sikulichagua ovyo. Kupatana bei ni neno la sokoni, na sokoni ndiko nilikojifunza kusema na watu. Nikiwa mdogo mama alikuwa akinichukua Darajani siku ya kununua vitu vya Idi. Muuza kanga akitaja bei, mama haguni wala hacheki, anaipapasa ile kanga, anaitazama pindo, anaikunja vizuri na kuirudisha mahali pake. Muuzaji anasema, "Kwani wewe una ngapi, mama?" Mama anataja yake. "Haijafika, mama, hapo mtaji haurudi." Mama anapiga hatua mbili. Anaitwa. Ukituuliza pale tunafanya nini, tungesema tunapatana bei. Kwa hiyo kupatana, kwa masikio yangu, lilikuwa jina la ile safari yote: kutaja, kukataa, kuondoka, kuitwa, kurudi.

Lakini neno lina umbo lake. *Pata* ukilitia *-ana* linakuwa jambo la wawili, kila mmoja kampata mwenzake. Watu waliogombana wakisameheana tunasema wamepatana, na hakuna anayeuliza kama wamemaliza au bado. Ukisema "bado wanapatana", lile *bado* ndilo linalotwambia kuwa hawajafika. Ukisema "watapatana", umeahidi kufika. Bi mwenyekiti hakusoma sarufi popote, lakini alilisoma neno sawasawa kuliko mimi niliyeliandika. Kwake kifungu cha 5 kilisema: bei haitakuwepo mpaka sisi na nyinyi tuwe tumekubali.

Neno la Kiingereza halijaahidi kitu hicho. Nilirudi kulitafuta baada ya yale, usiku mmoja mzima, nikaona aibu kwamba nilikuwa nikilitumia miaka yote bila kulifungua. Asili yake ni Kilatini, *negotium*, yaani shughuli, biashara. Na hilo nalo limeungwa kwa kukanusha *otium*, mapumziko. Yaani kutopumzika. Ndiyo maana kwa Kiingereza mtu anaweza ku-negotiate miaka 10 asipate kitu, na sentensi ikawa sahihi. Dereva naye hu-negotiate kona, na chombo hu-negotiate mwamba, yaani hupita kwa uangalifu mpaka kivuke. Hilo la mwamba lilinipendeza, kwa sababu kwetu upande wa mashariki mwamba umezunguka pwani yote, na nahodha hupita mlangoni kwa kuyasoma maji, huku akipunguza tanga na kungoja wimbi lipite. Kwenye kona na mwamba neno lina kufika ndani yake, lakini kwenye bei halina: kujaribu kupita si kupita. Hapo neno lao linahesabu jasho la kujaribu. Letu la kupatana linahesabu kufika bandarini.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria aliniongezea jengine. Mwaka 1992 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati ule, katika shauri la Walford dhidi ya Miles, ilisema kwamba ahadi tupu ya kuendelea ku-negotiate haina nguvu ya kisheria, kwa kuwa kila upande una haki ya kutazama maslahi yake na kujitoa unapotaka. Aliponieleza hivyo nilinyamaza muda. Kumbe kwa sheria ya watu wenye neno lao, kifungu kile cha 5 kilikuwa karibu na hewa. Na chini kabisa ya mkataba, kwa herufi ndogo ambazo nilizifasiri kwa uaminifu bila kuzifikiria, kulikuwa na mstari unaosema kwamba Kiswahili na Kiingereza vikitofautiana, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa.

Ilinibidi niwaeleze wanawake hivyo, ndani ya banda, mvua ikiendelea. Nilisema, "Bibi, kwenye karatasi ya Kiingereza imeandikwa kwamba mtakaa na kusemezana juu ya bei. Haikuandikwa kwamba lazima mkubaliane. Mimi nimeandika zaidi ya kilichokuwemo."

Mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo tumetia dole kwenye karatasi mbili tofauti."

Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ile nilijifunza pia kwamba kosa halikuwa la karatasi peke yake. Nilimwuliza Bi mwenyekiti mkutano wa kwanza ulivyomalizika, akanieleza lile "haya, tumesikia". Nikahisi kama mtu aliyekanyaga dafu gizani. Mwakilishi yule alikuwa ametafsiriwa neno kwa neno kwamba wamesikia, akaona yamekwisha. Na mimi nilijua maana ya neno lile tangu siku ya posa yangu.

Walipokuja kuniposa, mshenga alikuwa mzee mmoja mwenye sauti ndogo sana. Barua ikapokewa, ikasomwa, kahawa ikanywewa na haluwa ikaliwa. Mimi nilikuwa ndani na shangazi yangu, mlango umeachwa wazi upenyo. Mshenga akayasema yake yote, akasifu nyumba yetu, akataja kwa mbali uwezo wa upande wao. Mjomba akamjibu maneno mawili tu: "Tumesikia." Nikamgeukia shangazi roho inanidunda, nikamwuliza, "Ndio wamekubali?" Shangazi akanifinya mkono. "Wamesikia. Kusikia ni kazi ya masikio. Sasa watakuja kwetu, na sisi tutakuuliza wewe, na wewe utasema mahari yako. Kukubali bado kuko mbali."

Mshenga alikuja mara tatu. Mara ya pili mahari niliyoyataja yalipelekwa, kwa kuwa mahari ni haki ya mwanamke na hakuna mwengine wa kuyataja. Mambo ya kilemba cha baba na mkaja wa mama yakazungumzwa kando, kwa upole, bila mtu kutaja fedha mbele ya mwengine. Mara ya tatu mjomba akasema, "Tumeridhia," na wanawake waliokuwa ndani na mimi wakapiga vigelegele hapo hapo. Hawakungoja aeleze. Neno lilitosha.

Basi kuna *tumesikia*, na kuna *tumeridhia*, na katikati yake kuna siku nyingi za kwenda na kurudi. Nililijua hilo kwa mwili wangu, na bado nilipokaa mezani na karatasi nikadhani neno moja litabeba yote.

Naona sisi Wazanzibari tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa sababu siasa zetu zimetufundisha kwa gharama kubwa. Nilikuwa skuli mwaka 1999 neno *muafaka* lilipoanza kusikika redioni kila siku, vyama viwili vikuu, CCM na CUF, vilipotia saini mwezi wa Juni kumaliza mvutano wa uchaguzi wa 1995, Jumuiya ya Madola ikiwa msuluhishi. Tukadhani yamekwisha. Uchaguzi wa 2000 ukaja na mvutano wake, na Januari 2001 watu wakapoteza maisha katika maandamano. Oktoba mwaka ule ukatiwa saini muafaka wa pili. Nao ukafuatiwa na miaka ya mazungumzo yaliyokuwa yakianza na kukwama. Ndipo tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad wakakutana Ikulu, na neno jipya likaingia midomoni mwa watu: *maridhiano*. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 tukasema ndio kwa serikali ya umoja wa kitaifa.

Nayataja haya kwa sababu ya maneno. Mazungumzo, muafaka, maridhiano: mgeni anaweza kuyaona ni kitu kimoja. Mazungumzo ni midomo. Muafaka ni maneno ya pande mbili kulingana, na shina lake ni lile lile la *kuafikiana*. Lakini maridhiano yana *radhi* ndani yake, na radhi haitoki kwenye kalamu. Mama yangu, ambaye alikuwa hapendi kabisa kusema siasa, alisema siku ile ya Novemba, "Safari hii wametazamana." Sijapata maelezo bora kuliko hayo, ingawa historia yetu baada ya hapo imekuwa na milima yake.

Turudi bandani.

Nilimwomba Bi mwenyekiti aniruhusu niwe mkalimani wa kikao kipya, na nikamwambia kwamba sitachukua malipo. Nilimwambia vilevile kwamba ujira nilioupata kwa kuufasiri mkataba nataka kuurudisha, uwasaidie waliopoteza magunia. Magunia 11 yalikuwa yameharibika. Akatikisa kichwa. "Pesa yako kaa nayo, umeifanyia kazi. Sisi tuandikie neno lililo sawa."

Mwakilishi akaja Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Alikuwa kijana mgeni, mpole, na mwenye wasiwasi zaidi kuliko nilivyotarajia. Naye alikuwa na bosi wake anayemngojea. Kabla hawajaanza niliomba nafasi ya kusema kwa niaba ya maneno. Nilimwambia kwa Kiingereza: hapa mtu akikwambia *tumesikia*, maana yake maneno yako yamefika, sasa watu wanataka kwenda kushauriana, ukiondoka na kuandika bei, umeondoka katikati. Akafungua daftari lake, akaandika *tumesikia*, akaniomba nimwendelezee herufi. Kisha nikawaambia wanawake kwa Kiswahili: huyu bwana neno lake la kuzungumza bei halimfungi kukubali, na bei ya kule anakouza haiko mikononi mwake yote. Sikutaka mtu yeyote pale adhani mwenzake ni mwizi, maana kwa wiki tatu ndivyo walivyokuwa wakidhani wote wawili.

Wakaanza. Nilishangaa jinsi mazungumzo yalivyobadilika walipojua kwamba hayajaisha. Mara ya kwanza wanawake walitaja 700 na kunyamaza. Safari hii Bi mwenyekiti akamwambia mwakilishi avue viatu. Akampeleka ufukweni, maji yalikuwa yametoka, akamwonyesha kamba moja na mafungu yake ya mwani, kila fungu limefungwa kwa taitai, yaani kikamba chembamba. Akamwambia afungue moja na kulifunga tena. Kijana aliinama, vidole vyake vikawa vinateleza. Alipofanikiwa Bi mwenyekiti akamwambia, "Kamba moja ina mafungu kama hayo mengi. Na taitai tunanunua wenyewe, na zinakatika." Hakusema kitu kingine. Nikafasiri hivyo hivyo, bila kuongeza.

Kesho yake wakarudi bandani. Mwakilishi akasema hawezi kufika 600, lakini kampuni inaweza kuleta kamba na taitai bure, na akauliza ni jambo gani jengine linawaumiza mbali na bei. Lilikuwa swali zuri, pengine bora kuliko yote ya siku zile mbili. Akajibiwa na yule aliyekuwa nyuma, wa karatasi mbili: malipo yanachelewa. Mwani unachukuliwa leo, pesa zinakuja mwezi ujao, mtoto anafukuzwa skuli leo. Hakuna aliyekuwa amelitaja hilo kikao cha kwanza, kwa sababu kikao cha kwanza kilikuwa cha namba peke yake. Wakamaliza kwa shilingi 560, taitai juu ya kampuni, na malipo ndani ya siku 7 tangu kupimwa.

Magunia 11 hayakulipwa na mtu. Kampuni ilisema hayakupimwa, na kweli hayakupimwa. Nimeyabeba hayo mpaka leo, na kila ninapokutana na neno *negotiate* kwenye karatasi ya mtu, nayaona yakitoa maji pembeni mwa banda.

Tangu siku ile, neno hilo likinijia siliandiki mpaka nimemwuliza aliyenipa kazi maswali. Je, mnaahidi kukaa au mnaahidi kukubaliana? Nani ataanza kutaja? Zaidi ya yote: mkishindwa, nini kitatokea? Wengi hawapendi swali la mwisho, wanaona kama ninawatabiria ugomvi. Mwanasheria mmoja aliniambia niifasiri kazi na kuacha mengine. Sikukubaliana naye. Nikiona ni kukaa tu, naandika *zitajadiliana*, au naandika kwa urefu, *zitakutana na kuzungumza kwa nia ya kupatana*, hata kama sentensi inakuwa nzito. Nikiona ni ahadi ya kufika, ndipo naandika *zitapatana*, na namwonyesha mwenye kazi kwa kidole kwamba hapa amejifunga.

Kifungu kipya cha 5 hatukukifasiri kutoka popote. Wanawake walikitunga kwa Kiswahili wakiwa wamekaa juu ya magunia, mmoja akisema, mwengine akisahihisha, nami nikiandika. Kisha nikakipeleka kwenye Kiingereza, na mwakilishi akakubali kwamba lugha zote mbili ziwe na nguvu sawa. Kilisema kwamba pande mbili zitakutana mara mbili kabla ya bei kutangazwa, na kwamba baina ya kikao cha kwanza na cha pili zitapita siku zisizopungua 3 za kushauriana. Kisha ukaja mstari aliousema Bi mwenyekiti mwenyewe: "Zisipopatana, bei ya zamani itaendelea kwa mwezi mmoja, na baada ya hapo mkulima ana ruhusa ya kumuuzia amtakaye."

Aliniambia nimsomee mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho. Kisha akaagiza kidau cha wino, akatia saini kwa herufi kubwa, mmojammoja wakafuata. Bamvua lilikuwa limeingia na maji yalikuwa yanatoka kwa kasi. Hawakungoja hata wino ukauke. Waliniachia karatasi mapajani, wakachukua kamba mpya mabegani, wakateremka pwani.